Mguno wa Kisima cha Mama Somoe

Ukiitwa kwenye nyumba inayotoa sauti isiyojulikana, usiombe ngazi. Omba kigoda, ukae. Ninyi vijana wa mabati na visima nawaona siku hizi. Mnafika na bodaboda, mnapanda juu kabla hamjamaliza kusalimia, mnagongagonga, mnashuka mkipangusa mikono na kusema, "Mama, hapa hakuna kitu." Kitu kipo, wanangu. Ila nyumba ina haya kama mwali. Ukiivamia inanyamaza, ukishaondoka inaanza tena.

Sauti sikuzisomea. Mimi nilikuwa fundi wa visima, na kwa wale mliozaliwa bondeni inabidi nieleze kisima chetu ni kitu gani. Huku juu, Newala na Tandahimba, ukichimba kutafuta maji utachimba mpaka uchoke usiyaone. Kwa hiyo tunayakinga yanapotoka mbinguni. Mvua inapiga bati, inashuka kwenye gata, inaingia kwenye shimo kubwa lililochimbwa uani, likapigwa lipu na niru, ule uji wa saruji, ndani, likafunikwa zege juu, likaachiwa mdomo mdogo wa kupitisha ndoo na mtu mwembamba. Huyo mtu mwembamba ndiye nilikuwa mimi. Msicheke, mnaoniona leo nilivyojaa kwenye kiti hiki. Nilikuwa napita kwenye mdomo wa kisima na mwiko wangu na ndoo ya saruji, na nafasi inabaki.

Nilipenda humo ndani. Ukiwa chini ya kisima kikavu, maneno ya watu wa juu yanakufikia yakiwa yamepoteza maana, umebaki mlio tu. Mtu akisema aletewe mchanga, wewe unasikia kitu kinachopanda na kushuka taratibu. Mara nyingi nilisahau kazi, nikasimama kwenye baridi ile, juu yangu duara dogo la mwanga, nikisikiliza kuku akitembea juu ya zege. Nilikuwa najua kama ana vifaranga au hana.

Aliyenifundisha ni Fundi Nangumbi, Mungu amrehemu, mzee mfupi wa maneno machache ambaye hata kikohozi alikuwa anakibana. Akiniona nimenyamaza sana kisimani huinama mdomoni na kuuliza, "Wewe binti, unasikiliza au umelala?"

"Nasikiliza, fundi."

"Basi lala kidogo, utasikia zaidi."

Nilidhani ananitania. Baadaye nikaelewa kwamba mtu anayekaza masikio anasikia kile anachokiogopa, na mtu aliyelegea anasikia kilichopo. Jizoezeni kulegea. Ni kazi ngumu kuliko kubeba saruji.

Yeye pia ndiye aliyenifundisha kutumia mchi. Mchi huuhuu wa kutwangia. Unausimamisha sakafuni, unaweka sikio kwenye kichwa chake cha juu, unafumba macho. Kilichoko chini ya ardhi kinapanda ndani ya mti mpaka kwenye sikio lako. Wenye nyumba walikuwa wakituona tumeinamia mchi wao, wanacheka mpaka wanakaa chini. Tukishawaambia mfereji wa chini umepasuka wapi, wanaacha kucheka na kutuletea chai.

Siku hizi mna simu zenye tochi na za kurekodi. Sizikatai, lakini nawaambia ukweli wangu: kwa kuangalia kisimani bado naamini kioo. Unasimama kwenye jua, unalikamata kwa kioo, unalimimina ndani. Tochi inaonyesha pale tu ulipoielekeza. Jua la kwenye kioo linajaa kisima kizima, na maji yanalirudisha ukutani likicheza, na kila ufa unauona. Fundi Nangumbi alikuwa na kioo cha kunyolea ndevu, na ndevu zenyewe hakuwa nazo.

Niliwahi kuitwa Masasi kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa amehama chumba chake cha kulala, yeye na mke wake, wakawa wanalala sebuleni na magunia. Juu ya dari, alisema, watu wanacheza bao. Anasikia kete zikigawiwa, zinanyamaza kama mchezaji anafikiri, zinagawiwa tena. Alishaleta wa kusoma dua na wa kufukiza, wote wakala wali wakaenda. Mimi nikaomba kigoda, nikakaa chumbani kwake mchana kutwa, na kweli bao lilichezwa. Nikamuuliza tu, "Baba, korosho zako unaziweka wapi?" Ghala lilikuwa ukuta wa pili. Panya buku walikuwa wanazipandisha darini moja moja, na dari lilikuwa limeinama upande, kwa hiyo kila wakiiweka korosho inabingirika, wanaifuata, wanairudisha. Yule bwana aliposikia alikasirika. Nadhani alikuwa ameshazoea kuwa mtu anayetembelewa na majini wacheza bao, na mimi nimemwachia panya.

Kumbukeni hilo. Si kila mtu anafurahi ukimwondolea sauti yake.

Lakini nyumba ninayoiota mpaka leo ni ya Mama Somoe. Naiota vilevile ilivyo, kule ng'ambo ya Newala, karibu na ukingo ambako nchi inakatika na kushuka kuelekea mto Ruvuma. Asubuhi ukungu unapanda kutoka bondeni na kujaa uani, kiasi kwamba unamwamkia mtu kabla hujamwona, na marahaba inakujia kutoka kwenye weupe mtupu. Kisima chake nilikipiga niru mwenyewe, enzi nikipita mdomoni.

Aliyekuja kuniita ni kaka yake, Mjomba Hamisi. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli juu ya ndoa za wapwa zake, na Mjomba Hamisi alikuwa anaipenda kauli yake. Alikaa, akanywa maji, akasema, "Mama Zuhura, nyumba ya dada yangu inaguna."

"Inaguna vipi?"

"Inaguna kama mtu mwenye kinyongo. Na ilianza baada ya yule kijana kuja."

Yule kijana ni Rashidi, mtu wa Chiungutwa, aliyemwoa Somoe, binti pekee wa Mama Somoe. Kwa mila za huku alihamia kwa mkewe. Akajenga nyumba yake ndogo inayotazamana na ya mama mkwe, kisima kikiwa katikati ya nyumba mbili. Alikuwa mchapakazi, msimu wa salfa yuko mashambani anaipulizia mikorosho ya watu dawa hiyo na mashine mgongoni, masika anapalilia. Hapakuwa na lawama juu yake mpaka mguno ulipoanza. Ukishaanza, kila alichofanya kikawa na maelezo mengine. Akinyamaza, ana siri. Akicheka, anacheka nini. Mjomba akaamua kwamba Ijumaa baada ya swala wazee wakae, na Rashidi arudishwe kwao na alichokuja nacho. Somoe alikuwa na mimba, tumbo limeshaonekana.

Mjomba aliniambia pia kwamba mtoto wake mkubwa ameurekodi mguno kwa simu, na waliposikiliza wakakuta jogoo na mbuzi tu, mguno haumo. "Kitu kisichoingia kwenye simu," alisema, "si cha kawaida." Nikamwambia simu ndogo haishiki sauti nzito. Alinitazama kama mtu anayesikiliza mtoto.

Nilifika siku moja kabla ya Ijumaa hiyo. Mama Somoe alinikaribisha, akanipa kigoda na mihogo ya kuchemsha. Alikuwa amekonda. Wakati tunaongea, Rashidi akatokea na jembe begani, na hapo nikaona maisha ya ua ule. Mama Somoe alivuta kanga usoni, akageuka, akaingia ndani. Rashidi naye aliinamisha kichwa, akashika njia ya vichakani kama amekumbuka kitu. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani, hawasemezani, hawapishani njia moja. Najua wengi wenu mnacheka, mnakula sahani moja na mama wa wake zenu. Mama Somoe alifundwa zamani na hakulegeza uzi hata kidogo. Watu wawili wazima walikuwa wanashinda kutwa wakikimbiana kwa adabu.

Alasiri upepo ukaanza kupanda kutoka bondeni, na mguno ukaja.

Sitaweza kuueleza vizuri. Haukuingia masikioni kwanza, uliingia kifuani. Nilihisi kama nimekaa juu ya mnyama mkubwa aliyelala na anakaribia kuamka, ila haamki. Unapanda kidogo, unakatika, unarudi. Kuku hawakujali. Somoe alikuwa anapepeta mchele, akaacha, akaweka mkono tumboni. Nami, nisiwafiche, niliuona mzuri. Nililegea, nikaacha unipitie.

Kisha nikaomba mchi. Chumbani kwa Mama Somoe, hafifu. Nyumbani kwa Rashidi, hafifu zaidi. Juu ya zege la kisima, mchi ukatetemeka shavuni kwangu.

"Mama Somoe, ulipoanza ulikuwa mzito hivihivi?"

"Aka, mama! Ulianza mwembamba, kama mtu anaimbia puani. Kila wiki unazidi kuwa mnene. Wanasema kinakua."

"Na maji kisimani?"

"Maji yanakwisha. Si kiangazi?"

Watoto wakipuliza chupa ya soda wanalijua hili: chupa iliyojaa inalia nyembamba, ukizidi kunywa inalia nene. Mahali fulani palikuwa na kitu kirefu kilichosimama kwenye maji yale na mdomo wake uko kwenye upepo. Nikachukua kioo, nikalimimina jua kisimani. Pale chini ya zege, ubavuni, bomba la chuma lilikuwa limetoboa niru yangu, limepinda na kuzama majini. Lilikuwa limezungushiwa saruji na mkono usio wa fundi, lakini mkono uliojitahidi. Mimi sikuliacha bomba pale. Na upande lilikoelekea, nyuma ya nyumba ya Mama Somoe, hapakuwa na kitu isipokuwa bafu lake la mianzi.

"Nina vumbi la njia," nikamwambia. "Naomba kuoga."

Bafuni niliweka ndoo chini na kutazama mianzi mmoja mmoja. Nikaliona. Limechomoza katikati ya mianzi, limefungwa kamba za makuti lisionekane, kimo cha kiuno cha mwanamke, pale ambapo mtu angeweka mpini wa pampu. Nikafunika mdomo wake kwa kiganja. Nchi nzima ikatulia.

"Umenyamaza!" nikamsikia Somoe uani.

Nikaondoa mkono. "Umerudi," akasema. Nikafunika tena, nikafunua tena. Mungu anisamehe, nililicheza kidogo. Ulikuwa ni pumzi tu, baridi, inanisukuma kiganjani kama pua ya ndama.

Ua ule ulikuwa na mwanamume mmoja tu. Nilimfuata Rashidi shambani. Alikuwa anafagia majani chini ya mikorosho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Rashidi, lile bomba."

Akaweka fagio chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Siku moja nilikuwa natengeneza baiskeli pale kisimani," akasema. "Nimekaa tu, naimba. Kugeuka, naona kivuli nyuma ya jiko. Mama amesimama juani na ndoo tupu, ananisubiri niondoke. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi. Mtu mzima yule, bibi. Kwenye maji yake mwenyewe. Nikasema nitamwekea bomba na pampu ya mkono, achotee kulekule kwake, asinione. Walipokwenda wote msibani Tandahimba nikaachwa nilinde nyumba, nikalifanya. Pampu sijaipata bado. Nikaziba kwa gunzi."

"Na gunzi?"

"Nadhani mchwa wamelila."

"Si ungeziba tena, mtoto wewe!"

"Niingie bafuni kwa mama mkwe yeye akiwepo? Na tangu mguno uanze hatoki, anaogopa kuiacha nyumba. Hata msibani haendi."

"Basi useme."

"Niseme niliingia bafuni kwake?" Kwa mara ya kwanza akanitazama. "Bora waniite mchawi."

"Na mke wako?"

"Nikimwambia Somoe, aibu ya mbele ya mama yake ataibeba yeye. Ana mzigo tayari."

Nilimhurumia, na nilitaka kumchapa. Kesho yake watu wangemtenga na mke wake na mtoto ambaye hajamwona, na yeye amesimama pale anafagia majani ya mikorosho yao. Nilijua pia kwamba hakukosea. Nikilisema jambo lile mbele ya wazee, uchawi utamtoka na aibu itamwingia, na kwa aibu ile angeondoka mwenyewe bila kufukuzwa. Hamtafundishwa chuoni kwamba kuna siku unaijua sauti inatoka wapi na bado hujui uitengeneze vipi.

Nikaona mwenye bafu ndiye mwenye haki ya kujua kwanza. Nikamwita Mama Somoe, nikamshika mkono, nikamwekea kiganja chake mwenyewe juu ya mdomo wa bomba.

Alisimama hivyo, kimya kimezagaa, upepo unapita juu ya mianzi. Aliondoa mkono, akashtuka, akaurudisha.

"Nani kaliweka?"

"Mtu aliyekuona umesimama juani na ndoo tupu."

Alikaa juu ya jiwe la kuogea. Akavuta kanga usoni, ingawa tulikuwa wanawake wawili tu. "Kaingia humu," akasema ndani ya kanga.

"Mlikuwa Tandahimba. Na kwa ninavyomwona, atakuwa alifanya kazi macho ameyafumba. Ndiyo maana saruji yenyewe imekaa vile."

Mabega yakamtikisika. Nikadhani anacheka, na kweli alikuwa anacheka, kisha hakikuwa kicheko tena. "Nilikuwa naomba aondoke," akasema. "Kila swala, Mama Zuhura. Naomba Mungu amwondoe." Alipofuta uso akasimama wima. "Kesho usiseme kitu. Na usizibe."

Sikujua anakusudia nini. Aliyefundwa vile anaweza kumsamehe mtu moyoni na bado akamwacha aende, kwa sababu aibu ni aibu. Nililala kwake nikiwa na hofu hiyo.

Ijumaa walikaa upenuni. Mjomba Hamisi na kanzu yake, wazee wa pande zote, na mjomba wa Rashidi kutoka Chiungutwa aliyekuja na bodaboda ya kubebea mizigo. Rashidi alikuwa mwisho wa mkeka, ameupa mlango mgongo, kama inavyompasa. Mama Somoe alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Somoe amekaa kizingitini na macho yamevimba.

Mjomba Hamisi alisema maneno mengi, mengine mazuri. Kisha akanigeukia. "Fundi, umeona nini?"

Nikatazama pazia.

"Ni bomba," sauti ikatoka ndani. "Liko bafuni kwangu, linashuka kisimani. Upepo unalipuliza. Mimi ndiye niliyelitaka, nikamtuma kijana aniwekee."

Wazee wakatazamana. Mjomba akacheka kidogo, kwa upole, kama anavyocheka mtu aliyemshika mwenzake uongo asiotaka kuutaja. "Dada yangu. Ulimtuma vipi? Tangu kijana huyu aje, wewe na yeye hamjasemezana hata neno."

Upepo ukapanda, na mguno ukapita chini yetu sote, mnene, wa taratibu, hakuna aliyesogea. Kisha pazia likasogea.

Mama Somoe akatoka. Kanga ilikuwa kichwani, uso wazi. Akavuka upenu mbele ya wazee, mpaka mwisho wa mkeka. Rashidi aliposikia hatua akanyanyuka akimbie, kwa mazoea tu, maskini, na hapakuwa na pa kukimbilia.

"Kaa, mwanangu," akamwambia. "Waambie nilivyokutuma."

Akakaa. Kichwa kilikuwa kimeinama karibu na magoti. Niliona anautafuta uongo wa kumsaidia mama yule na hana hata mmoja. Akasema kile alichokuwa nacho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Rashidi."

Somoe akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mjomba Hamisi akakohoa, akatutazama mmoja mmoja, akauliza pampu ya mkono kama hiyo inapatikana hapo Newala au mpaka mtu ashuke Masasi.